Mama Mfugaji na Glasi ya Dirishani

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, saa tisa na nusu alasiri, msimamizi wa mtambo wetu wa kusafisha majitaka atatia sahihi kwenye daftari la zamu kwa mara ya mwisho, atavua viatu vyake vya mpira, na atakuwa mstaafu. Ameutumikia mtambo huu miaka thelathini na minne na miezi mitatu. Katika muda huo wote amechelewa kazini mara mbili tu, na mara zote mbili maelezo yalikuwa marefu kuliko kuchelewa kwenyewe.

Wageni waalikwa wanamjua kwa jina lililoandikwa kwenye kadi. Sisi tunaofanya naye kazi tumemwita Mama Mfugaji kwa muda mrefu kiasi kwamba mhasibu mgeni aliwahi kumtafuta chini ya herufi M kwenye orodha ya wafanyakazi, akamkosa, na akataka kujua kwa nini kuna mtu anayefanya kazi bila kuajiriwa. Sababu ya jina hilo tutaifikia. Kwanza tuseme alikotoka, kwa sababu habari hii haikuanzia mtamboni. Ilianzia ghubani.

Mama yake mzazi alikuwa mwokota chaza. Maji yakipwa alishuka na ndoo na kisu kifupi hadi kwenye miamba, na binti zake wawili walimfuata nyuma: Dada Mkubwa, ambaye leo amekaa safu ya mbele, na mdogo wake tunayemuaga. Siku hizo vyoo na majiko ya mji mzima yalimwaga kwenye bomba moja, na bomba hilo lilimwaga moja kwa moja ghubani. Sasa chaza hana ujanja. Huishi kwa kuchuja maji, na kilichomo majini hubaki tumboni mwake kikimsubiri mlaji. Mji ulipokua, watu wakaanza kuugua matumbo. Ndipo wakaja wanaume wawili na ubao mwekundu, wakauchimbia mchangani. Uliandikwa kwamba kuokota chaza ni marufuku na kuoga ni marufuku. Binti mdogo alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama yao alirudi nyumbani na ndoo tupu, akaifunika kifudifudi jikoni, na Dada Mkubwa anasema hakuna aliyethubutu kuigeuza kwa miaka mingi.

Mtambo huu ulijengwa miaka saba baadaye. Tangazo la kazi lilitaka mtu wa kusafisha machujio, asiye na kinyaa na mwenye mgongo imara. Waombaji walikuwa kumi na mmoja, mwanamke mmoja tu. Mwishoni mwa mahojiano waliulizwa kama wana swali, na kumi wakauliza habari za mshahara na likizo. Yeye aliuliza ule ubao mwekundu utaondolewa lini. Mhandisi wa wakati huo alikiri kwamba hajui. Yeye akamjibu kwamba basi aajiriwe ili awe karibu aulize tena, na kwa kweli aliuliza kila mwaka, kila mwezi wa tatu, hadi mhandisi yule akahamishwa, na aliyemfuata akaachiwa swali hilo pamoja na funguo za ofisi.

Miaka mitano ya kwanza alikaa kwenye machujio, yaani zile nondo za chuma zinazozuia kila kisichopaswa kuwa kwenye majitaka. Wasiojua watashangaa yanayopita chini ya mji wao. Ametoa humo vitambaa, vijiko, saa za mkono, kiatu kimoja cha sherehe, na siku moja meno ya bandia, seti nzima, juu na chini. Aliyaosha, akayachemsha, akabandika tangazo sokoni kwa heshima zote. Hakuna aliyejitokeza. Kwa wiki nzima alipita mjini akiwasalimia watu kwa uchangamfu usio wa kawaida ili watabasamu. Meno hayo bado yako kabatini, na mwenyewe kama yumo humu ndani leo, anaweza kumwona katibu wa kamati ya sherehe baada ya hotuba.

Hapo kwenye machujio ndipo alipoujua mji kuliko meya. Kwa kuyaangalia tu yaliyofika asubuhi alijua kwamba ile hoteli ya karibu na stendi imemwaga tena mafuta ya kukaangia kwenye sinki. Mafuta hugandia mabomba na kuziba machujio, kwa hiyo alikuwa akivua glovu, ananawa hadi kwenye viwiko, anakwenda kwa mguu hadi jikoni. Mpishi wa pale alikana mara ya kwanza. Alikana na mara ya pili. Mara ya tatu Mama Mfugaji alimtajia hata siku aliyobadilisha aina ya mafuta, na mpishi akaenda kutafuta pipa. Leo mpishi huyo ndiye mwenye pipa la mafuta machafu lililo safi kuliko yote mjini, na ndiye aliyejitolea kupika chakula cha sherehe hii.

Kisha alijisomea. Mchana alikuwa kazini, jioni alikuwa darasani na watu waliozaliwa baada yake, na baada ya miaka miwili akarudi na cheti cha ufundi na mazoea mapya: kuchungulia kwenye hadubini. Hapo ndipo jina lilipozaliwa.

Kwa faida ya ndugu na jamaa ambao kwa miaka yote hii wamedhani kazi yake ni kutia dawa, tuseme ukweli kwamba majitaka hayasafishwi na dawa. Yanasafishwa na viumbe. Maji yakishapita kwenye machujio na mchanga ukishatuama, huingia kwenye tangi kubwa la hewa, ambamo mna tope la rangi ya kahawia lililojaa vijidudu visivyohesabika. Sisi tunawapulizia hewa, wao wanakula uchafu. Wakishiba hutuama, maji yanabaki juu, maji hayo yanapitishwa kwenye taa maalumu zinazoua vijidudu vya maradhi vilivyosalia, na mwisho yanangoja kwenye tangi la kutokea. Kila siku, maji ya bahari yakianza kupwa kukiwa na mwanga, msimamizi hufungua vali kwa mkono na yanakwenda ghubani. Ni hayo tu. Vijidudu vikifa, sisi wengine wote na vyeti vyetu ni watu wa kutazama tangi la uchafu.

Alipoelewa hilo, aliwafanya wa kwake. Asubuhi anapofika, kabla hajatuuliza sisi hali, anauliza wao wameamkaje. Baridi ikizidi anahofu watapoteza hamu ya kula. Sikukuu zikikaribia anaonya kwamba watashiba kupita kiasi. Yule mhandisi wa pili ndiye aliyesema kwamba huyu mama hafanyi kazi mtamboni, huyu anafuga, na jina likamganda. Yeye hakulikataa. Alisema tu kwamba kati ya wafugaji wote anaowajua, ni yeye peke yake mwenye mifugo inayotoroka na maji ikiwa imekufa na kubaki tangini ikiwa hai.

Mifugo hiyo imeigharimu familia yake. Siku ya mahafali ya mwanawe, umeme ulikatika ukumbini. Watu wengine walianza kujipepea kwa karatasi za ratiba. Yeye alisimama kutoka safu ya pili, akamnong'oneza mumewe kwamba mifugo haina hewa, akatoka mbio akiwa na viatu vya visigino, akaja kuwasha jenereta, kwa sababu fundi wa zamu alikuwa mgeni na jenereta ile ina tabia zake. Picha ya familia ya siku ile ipo sebuleni kwao: baba, mhitimu mwenye joho, na kiti chenye mkoba. Mwanawe anasema hakukasirika, ila mkoba ule umetoka vizuri kuliko yeye.

Nisisahau glasi. Dirishani mwa ofisi yetu kuna glasi ndefu isiyo na ua wala chapa, na nyuma yake limebandikwa gazeti, ukurasa wa matangazo madogo. Kila mara kabla ya kufungua vali, Mama Mfugaji huchota maji ya tangi la kutokea, huyajaza humo, na husoma matangazo kupitia kwenye maji. Vyumba vya kupanga, baiskeli iliyotumika kidogo, mbuzi aliyepotea. Akiyasoma yote bila kukwama, vali inafunguliwa. Akikwama, haifunguliwi, hata aseme nani. Maabara tunayo, vipimo tunavyo na tunavifanya, lakini anasema kipimo huambia karatasi na glasi huambia macho.

Kuna wakati ilitugeuka. Ni kama miaka kumi na miwili iliyopita, na waliokuwapo wananisimulia kwa kushika mbavu. Jumatatu moja alisoma hadi kwenye baiskeli, akakwama. Maji yana ukungu, alisema. Maabara wakapima, wakakuta maji ni safi. Hakukubali. Kwa siku tatu mtambo mzima ulipinduliwa juu chini: mabomba yalifunguliwa, pampu zikashushwa, taa zikasuguliwa moja moja, fundi umeme akaapa kwamba hana kosa. Siku ya nne mlinzi wa getini, mtu wa maneno machache, aliomba ruhusa, akaitoa glasi dirishani, akamwomba Mama asome gazeti peke yake. Alikwama palepale kwenye baiskeli. Aliagiza kila kitu kirudishwe kama kilivyokuwa, akaenda kwa daktari wa macho. Alirudi na miwani na akamwomba radhi kila mtu kwa zamu yake, akianza na fundi umeme. Kwenye daftari aliandika kwamba hitilafu imepatikana na imerekebishwa, na haikuwa ya mtambo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kamati iliniomba niliandike kwa kifupi. Siwezi kuliandika kwa kifupi, kwa sababu mkosaji ni mimi.

Baada ya mtambo kujengwa, ubao mwekundu haukung'oka. Idara ya maji ilitoa sharti: miezi kumi na miwili mfululizo ya vipimo safi vya ghuba, bila mwezi hata mmoja kuanguka, ndipo ghuba ifunguliwe. Jaribio la kwanza lilifika mwezi wa tano, mvua kubwa ikafurisha matangi na kila kitu kikaenda baharini. Baada ya hapo Mama Mfugaji aliandika barua kila Jumatatu kwa miaka miwili akiomba bwawa la akiba, hadi wakubwa wakaona ni rahisi kuchimba bwawa kuliko kuzisoma. Jaribio la pili liliishia mwezi wa nane, kwa sababu ya mafuta, na hapo ndipo mpishi wetu alipopata wokovu wake. Jaribio la tatu lilikuwa limefika mwezi wa kumi na moja. Mama yao mzazi alikuwa amekwisha timiza miaka sabini na minane. Ndoo bado ilikuwa kifudifudi. Mama Mfugaji hakulizungumzia jambo hilo kazini, lakini kalenda ya ofisi ilikuwa na alama ndogo ya kalamu nyekundu kila mwisho wa mwezi, na sote tulijua inahesabu nini.

Mimi nilikuwa na wiki sita mtamboni. Nilitoka maabara ya hospitali, na nilitoka na kichwa kikubwa. Hospitalini kila kinachoishi bila kuonekana ni adui. Unakiua, unaandika kwamba umekiua, unaenda kunywa chai. Jumapili ile nilikuwa zamu peke yangu na mlinzi. Alhamisi tulitarajia wageni wa idara, na juu ya tangi la hewa palikuwa na povu zito la kahawia, baya kulitazama. Niliona aibu kwa niaba ya wenzangu. Stoo kulikuwa na madebe mawili ya klorini ya kuoshea sakafu. Saa kumi na moja jioni niliyamimina yote mawili tangini. Povu likapotea. Nilifurahi sana, na nakumbuka hata nilipiga mluzi.

Jumatatu asubuhi Mama Mfugaji aliingia, akauliza wameamkaje, nami nikamwonyesha tangi kwa mkono, kama mtu anayefungua pazia. Aliliangalia. Alinusa. Alichota tone, akaliweka chini ya hadubini, akatazama kwa muda mrefu, akazungusha, akatazama tena. Hakuna kilichokuwa kinatembea. Aliketi kwenye stuli akauliza ni nani, nikasema ni mimi. Akauliza madebe mangapi, nikasema mawili. Nilisubiri kufukuzwa, na moyoni nilikuwa nimekwisha kuanza kufunga mizigo. Akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema bado. Akasema nikanywe, tena ninywe kwa mkate, kwa maana siku itakuwa ndefu.

Saa mbili na dakika kumi maji yalianza kupwa. Kwa ratiba, vali ilipaswa kufunguliwa. Aliisogelea, akaweka mkono juu yake, akasema leo hapana. Kuanzia hapo majitaka ya mji mzima yalielekezwa kwenye lile bwawa la akiba alilolipigania, na bwawa lile lina nafasi ya siku nne. Siku ya tano lingefurika ghubani, na mwezi wa kumi na moja ungekwenda na maji pamoja na ile kumi iliyotangulia.

Aligawa kazi. Kwanza aliinua simu mwenyewe na kumwambia mkaguzi wa idara kila kitu, kabla mtu mwingine hajamwambia. Fundi umeme akaambiwa apulize hewa tangini mfululizo ili klorini itoke. Mlinzi wetu wa maneno machache akapewa kipaza sauti na gari, akapita kila mtaa akiwaomba watu wapunguze maji, na inasemekana siku ile aliongea maneno mengi kuliko miaka yake yote ya kazi. Kiwanda cha kufulia kilifunga kwa hiari. Waosha magari walikaa chini wakacheza karata. Yule mpishi wa stendi aliosha sahani zote za siku kwa karai moja na akaja kutuonyesha karai.

Na mimi nilipewa lori la maji machafu na dereva wake. Mji jirani, mwendo wa saa tatu, una mtambo kama wetu, na Mama Mfugaji alikuwa amemwomba mwenzake wa kule atugawie tope lenye uhai, mbegu ya kuanzia upya. Alinipa maagizo ya mtu anayemtuma mwenziwe kuleta vifaranga: tusisimame njiani, tusiwaache juani, tukifika kwenye matuta tuende taratibu. Nilikwenda na kurudi mara sita kwa siku tatu. Dereva alinieleza kwamba amesafirisha vitu vingi maishani, ila hajawahi kuambiwa aendeshe polepole ili kinyesi kisichoke. Nilicheka hadi machozi, na baadaye yakawa machozi ya kweli. Alizima redio akaendelea kuendesha.

Siku ya nne bwawa lilikuwa limebakiza mikono miwili kujaa. Bila ule msaada wa mji lingekuwa limekwisha. Siku ya tano lilibakiza mkono mmoja, na Dada Mkubwa alikuja akasimama pembeni mwa bwawa bila kuuliza chochote, akakaa hadi mchana, akaondoka. Hakujua ni nani aliyemwaga ile klorini. Alinipa hata kipande cha embe. Sijawahi kula kitu kigumu kumeza kama kile.

Siku ya sita asubuhi Mama Mfugaji aliniita kwenye hadubini, akanisogezea stuli. Kulikuwa na mdudu mmoja mwenye umbo la kengele, amesimama juu ya kikonyo chembamba, na mdomo wake unavuta maji. Unafunguka, unafunga. Pembeni yake kulikuwa na mwingine. Nilikuwa nimetumia miaka minane hospitalini nikiwaua, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtazama mmoja na kumwombea maisha marefu. Mama Mfugaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema wameamka.

Siku ya saba, glasi ilijazwa. Alisoma vyumba, baiskeli na mbuzi. Kisha akanipa nafasi na mimi nisome. Nilisoma kwa sauti, hadi kwenye mbuzi. Maji yalipoanza kupwa aliniambia nifungue vali.

Mkaguzi alikuwa amekuja kupima ghuba mwenyewe kila siku ya wiki ile. Alikuta maji ya bahari yako vilevile, kwa kuwa hakuna tone chafu lililotoka. Kisha akaomba daftari la zamu. Mimi nilikuwa mlangoni. Kwenye daftari, kwa mwandiko wake ulionyooka, Mama Mfugaji alikuwa ameandika: "Jumapili jioni tulimwaga klorini kwenye tangi la hewa tukidhani tunasafisha. Mifugo imekufa yote. Vali haikufunguliwa. Tunaanza upya." Jumapili ile yeye alikuwa nyumbani anachambua mboga. Hakuficha kosa hata kidogo, ila alikaa ndani yake pamoja nami. Mkaguzi alisoma, akanitazama, akamtazama yeye, akafunga daftari. Mwezi wa kumi na moja ukahesabiwa. Wa kumi na mbili ukafuata, safi.

Ubao uling'olewa na Dada Mkubwa mwenyewe. Alikataa kusaidiwa. Mama yao alikuwa amewekewa kiti kwenye mchanga, na ndoo ile, sasa imesimama wima, ilikuwa magotini mwake. Waliposhuka kwenye miamba wakarudi na chaza wa kwanza baada ya miaka thelathini na miwili, bibi aliwageuza geuza mkononi akalalamika kwamba zamani walikuwa wakubwa zaidi. Mama Mfugaji anasema hiyo ndiyo pongezi kubwa aliyowahi kupewa. Ubao wenyewe uko kwenye chumba chetu cha chai hadi leo. Ni rafu ya viatu vya mpira.

Tangu hapo ni miaka tisa, na vali haijafunguliwa kwa maji yasiyosomeka hata mara moja. Wanaokuja kuoga Jumapili hawajui kwamba sisi tupo, na hivyo ndivyo apendavyo. Amewafundisha kazi mafundi kumi na wanne. Kila mgeni anapoanza, humwonyesha tangi, hadubini na glasi, kisha humpeleka stoo kumwonyesha klorini, na hapo ananiita nije nieleze mwenyewe. Nimeeleza mara nyingi sasa. Hadithi imenoga, lakini madebe hayajazidi mawili.

Kamati ya sherehe ilimuuliza angependa zawadi gani. Tulikuwa tumeshaenda kutazama makochi. Alisema anataka miwani ya kuogelea.

Tulidhani anatania. Kumbe Mama Mfugaji, mtoto wa ghuba, mlinzi wa ghuba, hajawahi kuingia majini zaidi ya magoti. Alipokuwa msichana waliingia kuokota, si kuchezea maji. Kisha ukaja ubao. Kisha ikaja kazi. Hajui kuogelea kabisa. Mkwewe, mke wa mwanawe, ambaye ni mwalimu wa michezo, amekubali kumfundisha, ingawa anasema hajui kwa lugha gani ya adabu mtu humwamuru mama mkwe wake apige miguu. Mumewe, fundi cherehani, amekwisha mshonea mavazi ya kuogelea ya aina tatu. La kwanza lilijaribiwa kwenye pipa likajaa hewa likataka kupaa, na fundi hapendi lizungumziwe.

Masomo yanaanza Jumatatu, saa moja asubuhi, kwenye ule ufuko ulio hatua mia mbili kutoka mwisho wa bomba letu. Tulimuuliza kwa nini hapo, wakati ghuba ni pana. Alijibu kwamba kwa miaka yote hii amekuwa akiwaambia watu wa mji kwamba maji haya ni salama, na sasa anataka kuhakikisha kwa kinywa chake, maana anayejifunza kuogelea lazima ameze. Alilisema hilo akinitazama mimi. Wiki iliyopita nilikabidhiwa usimamizi wa mtambo: daftari, funguo, jenereta na tabia zake, na ile vali. Aliyeua mifugo yote kwa madebe mawili ndiye atakayefungua maji anayokwenda kujifunzia. Wakubwa walimuuliza kama ana wasiwasi na uteuzi huo. Aliwajibu kwamba ameshachagua ufuko.

Mama Mfugaji, wenzako wote wa zamu, wa sasa na waliotangulia, wanakushukuru. Mji unakushukuru bila kujua, na ghuba inajua. Uwe na afya, upumzike, umsumbue fundi cherehani wako mchana kutwa, na upige picha za familia ukiwa ndani yake. Wameamka salama na wanakusalimu.

Jumatatu nitafika saa kumi na mbili. Nitajaza glasi, nitaiweka dirishani, nitasoma vyumba vyote, baiskeli na mbuzi, hadi herufi ya mwisho. Tunakutakia maisha mema na maji mema. Na ukimeza funda moja au mawili, Mama, meza tu.